Asilimia ya Nani? Kusoma Takwimu Kabla ya Kumpeleka Mtoto Chuo cha Jamii Marekani

Hii ni hotuba ya afisa wa elimu wa kaunti katika kikao cha wazazi, walezi na vijana waliomaliza kidato cha nne. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Katiba imeipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Hata hivyo, mzazi anapotaka kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto akasome ng'ambo, ofisi anayobisha hodi kwanza ni yetu. Anakuja na karatasi ya wakala mkononi na swali moja: "Je, hii ni kweli?" Leo nataka tujibu swali hilo pamoja, kwa sababu sote tulisikia mwaka 2023 kilio cha wazazi waliolipia masomo ya ng'ambo na watoto wao wakabaki nyumbani.

Sikuja kumkataza mtu kusafiri, wala kumpigia mtu debe. Nimekuja kuzungumzia nambari. Karatasi hizo zimejaa nambari, na nambari isiyoelezwa ni sawa na mbuzi kwenye gunia.

Njia yenyewe ni ipi?

Marekani ina vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii. Kozi zake nyingi ni za miaka 2. Masharti ya kuingia ni mepesi, na karo yake kwa kawaida ni ya chini kuliko ya chuo kikuu. Mwanafunzi husoma huko miaka 2 ya kwanza, kisha huomba kuhamia chuo kikuu na kumaliza digrii kwa miaka 2 mingine. Ni njia halali na ya miaka mingi. Jimbo la California, ambalo nitalitumia kama mfano, liliiweka katika mpango wake mkuu wa elimu ya juu mwaka 1960. Leo lina vyuo vya jamii 116. Nimelichagua kwa sababu takwimu zake ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando.

Neno la kuzingatia hapo ni "huomba". Kuingia chuo cha jamii si kuingia chuo kikuu. Kuna mlango wa pili, na takwimu ninazozungumzia ni za mlango huo.

Swali la kwanza: asilimia ya nani?

Tuchukue chuo kikuu kinachojulikana sana, UCLA, kilicho Los Angeles. Katika miaka ya karibuni, kati ya vijana 100 walioomba kuingia wakitoka shule ya upili, waliokubaliwa hawakufika 10. Kati ya walioomba kuhamia kutoka vyuo vingine, wengi wao wakiwa wa vyuo vya jamii vya California, karibu robo walikubaliwa. Wakala akikwambia kwamba njia ya chuo cha jamii inafungua mlango zaidi, hapo hajadanganya.

Lakini ile robo ni robo ya nani? Ni ya walioomba. Ili uombe, lazima uwe umefaulu masomo, umefikisha idadi ya yuniti na una wastani wa alama unaotakiwa. Walioacha njiani, walioishiwa na karo na walioanguka hesabu hawamo katika hesabu hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa Marekani, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2024, uliwafuatilia kwa miaka 6 wanafunzi waliojiunga na vyuo vya jamii. Takriban thuluthi moja walihamia chuo cha digrii. Waliopata digrii ndani ya miaka hiyo 6 walikuwa takriban 16 kati ya 100. Ni kweli kwamba wengi wa wanafunzi hao ni watu wazima wanaofanya kazi na kusoma kidogo kidogo, na mtoto wako mwenye viza ya mwanafunzi atalazimika kusoma muda wote. Huenda akafanya vizuri zaidi yao. Hata hivyo, mzazi anayeuza shamba anapaswa kuziona nambari zote mbili: ya waliofika mlangoni na ya walioanza safari.

Kwa hiyo karatasi ikisema "asilimia 90 ya wanafunzi wetu huhamia vyuo vikuu bora", uliza hivi. Asilimia 90 ya walioanza, au ya walioomba? Walihamia baada ya miaka mingapi? Vyuo hivyo bora ni vipi, kwa majina? Asiyeweza kujibu hayo hana takwimu. Ana tangazo.

Swali la pili: kozi ipi?

Hapa ndipo vijana wengi hukwama. Asilimia ya chuo kizima huchanganya kozi zote kwenye sufuria moja. Tuchukue mfano wa kubuni, wa kujifunzia tu. Tuseme wanafunzi 1,000 wameomba kuhamia chuo kikuu fulani na 250 wamekubaliwa. Hiyo ni asilimia 25. Sasa tuseme kati yao 400 waliomba sayansi ya kompyuta, na waliokubaliwa ni 30. Hiyo ni asilimia 7.5. Waliobaki 600 waliomba kozi nyingine na 220 wakakubaliwa, yaani karibu asilimia 37. Chuo ni kimoja na mwaka ni mmoja, lakini nafasi ya kijana wa kompyuta na ya kijana wa historia hazifanani hata kidogo.

Mambo ndivyo yalivyo hata katika vyuo halisi. Kozi za kompyuta, uhandisi na uuguzi katika vyuo vyenye majina makubwa huwa na asilimia ndogo sana kuliko ya chuo kizima. Na ndizo kozi ambazo wengi wenu mnazitaka.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Chuo Kikuu cha California, kinachojulikana kama UC, huchapisha takwimu hizi kwenye tovuti yake. Kina kampasi 9 zinazofundisha digrii ya kwanza. Kwa kila kampasi na kila kozi utaona idadi ya walioomba kuhamia, waliokubaliwa, na wastani wa alama zao. Kuna ukurasa mwingine unaoonyesha kila chuo cha jamii kimetoa waombaji wangapi na wangapi wamekubaliwa. Kwa hiyo wakala akikutajia chuo cha jamii cha California, unaweza kukitafuta wewe mwenyewe ukiwa umekaa sebuleni.

Kwa vyuo vikuu vya majimbo mengine, tafuta fomu iitwayo Common Data Set. Vyuo vingi huijaza na kuichapisha kila mwaka. Ina sehemu ya wanafunzi wanaohama, inayoonyesha walioomba, waliokubaliwa na waliojiunga. Mara nyingi haigawi kwa kozi, kwa hiyo isome kama picha ya jumla tu.

Msiangalie mwaka mmoja. Angalieni miaka 3. Kozi ndogo inaweza kuchukua watu 12 mwaka huu na 5 mwaka ujao, na asilimia ikaruka bila sababu kubwa.

Swali la tatu: wastani wa alama unasema nini?

Sisi Wakenya tumezoea KUCCPS. Tunajua pointi za klasta, ambazo ukomo wake ni 48. Tunajua pia pointi za kikomo, yaani pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi katika kozi hiyo mwaka uliotangulia. Aliyekuwa chini ya hapo mwaka huo hakupata. Kwa mazoea hayo, tukiona nambari ya Marekani tunadhani ni kikomo. Sivyo.

Wastani wa alama wa Marekani huitwa GPA, na kwa kawaida hupimwa hadi 4. Tovuti ya UC huonyesha nambari mbili kwa kila kozi. Tuseme umeona 3.6 na 3.9. Maana yake ni kwamba, ukiwapanga waliokubaliwa kwa mstari kuanzia alama ya chini hadi ya juu, nusu ya katikati walikuwa kati ya 3.6 na 3.9. Robo moja walikuwa chini ya 3.6, na robo nyingine juu ya 3.9.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza, aliye na 3.5 asikate tamaa, kwa kuwa wapo waliokubaliwa wakiwa chini ya 3.6. La pili, aliye na 3.8 asianze kusherehekea. Nambari hizo ni za waliokubaliwa tu. Hazikuonyeshi ni wangapi walikuwa na 3.8 hiyo hiyo na wakakataliwa. Ndiyo maana lazima usome GPA na asilimia kwa pamoja. Kozi yenye GPA ya 3.6 hadi 3.9 na asilimia 60 ya kukubaliwa ni tofauti kabisa na kozi yenye GPA hiyo hiyo na asilimia 8.

Kuna pia nambari ya chini kabisa ya kuruhusiwa kuomba. Kwa UC, mkaazi wa California anayehama anahitaji angalau GPA ya 2.4. Asiye mkaazi, na hapo ndipo watoto wetu wengi wenye viza ya mwanafunzi wanapohesabiwa, anahitaji 2.8. Hiyo ni ruhusa ya kupanga foleni. Haikupi kiti.

Swali la nne: masomo yapi yatahesabiwa?

Katika vyuo vikuu vyetu mwanafunzi akisema "nina yuniti 7 muhula huu", anamaanisha masomo 7. Marekani somo moja kwa kawaida hubeba yuniti 3 au 4. UC hutaka yuniti 60 za mfumo wa mihula miwili, au 90 za mfumo wa robo mwaka, na ziwe zinazokubalika kuhamishwa. Miongoni mwake yawepo masomo 7 ya msingi, yakiwemo 2 ya uandishi wa Kiingereza na 1 la hesabu, kila moja kwa gredi isiyopungua C.

Maneno "zinazokubalika kuhamishwa" yana gharama yake. Mwaka 2017, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti zao. Hesabu hiyo inajumuisha kila aina ya kuhama, na wengine walipoteza chache kuliko hapo. Lakini kila yuniti inayopotea ni karo iliyolipwa mara mbili, na muda unaoongezeka mbali na nyumbani.

California ina dawa ya tatizo hili. Tovuti ya ASSIST huonyesha kila somo la chuo cha jamii linalingana na somo gani la UC au la mfumo mwingine wa umma wa jimbo hilo, CSU. Kijana afungue tovuti hiyo kabla ya kujisajili muhula wa kwanza, asingoje mwaka wa pili. Uhandisi, kwa mfano, hudai mfululizo wa masomo ya hesabu ambayo hayawezi kurukwa. Mwanafunzi atakayewekwa kwenye somo la hesabu la chini atahitaji mihula zaidi kabla hajafika kwenye yale ya lazima. Hapo miaka 2 inakuwa 3, na bajeti ya familia inapasuka.

Mwenye GPA nzuri lakini amekosa masomo ya lazima mara nyingi hukataliwa, na takwimu hazitakuonyesha sababu hiyo.

Dhamana zipo, lakini zisomeni

Mtasikia habari za dhamana ya kuingia. Zipo kweli. Kampasi 6 za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa dhamana kwa wanafunzi wa vyuo vya jamii vya California wanaotimiza masharti. Mwanafunzi huomba dhamana kwa kampasi moja tu, kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Kila kampasi ina GPA yake, na kozi zenye ushindani mkubwa kama za kompyuta na uhandisi mara nyingi zimeondolewa au zina masharti magumu zaidi.

CSU nayo, tangu sheria ya mwaka 2010, ina diploma maalum ya kuhamia. Anayeipata huhakikishiwa nafasi ndani ya mfumo. Ni ndani ya mfumo, si lazima katika kampasi anayoitaka.

Kwa hiyo mtu akitamka neno "dhamana", muulizeni: ya chuo gani, kozi gani, kwa GPA gani, na imeandikwa wapi?

Nambari ya mwisho ni ya pesa

Wazazi, takwimu za kukubaliwa hazina maana kama karo haitalipika. Mkaazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti katika chuo cha jamii. Mwanafunzi wa kigeni hulipa mara kadhaa ya hiyo. Akihamia UC, atalipa karo ya kawaida na nyongeza ya asiye mkaazi, ambayo peke yake inazidi dola 30,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi milioni 3.9 kila mwaka, kwa miaka 2, kabla ya chakula na kodi ya nyumba. Mikopo na misaada ya masomo ya serikali kuu ya Marekani haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi.

Wengine watasema, "Atafanya kazi ajilipie." Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi nje ya chuo katika mwaka wa kwanza. Ndani ya chuo, mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi hiyo itanunua chakula, haitalipa karo ya UC.

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Wanapiga hesabu ya miaka 2 ya chuo cha jamii, wanafanya harambee, mtoto anasafiri, anafaulu vizuri na anakubaliwa. Kisha barua ya karo inafika. Kukubaliwa kukiwa hakulipiki, mtoto amesimama mlangoni na ufunguo haupo. Pigeni hesabu ya miaka yote 4 kabla ya tikiti ya ndege kununuliwa, na mtafute vyuo vinavyotoa ufadhili kwa wanafunzi wa kigeni wanaohama.

Tufanye nini sasa?

Chukueni karatasi moja na mwandike kozi ambayo kijana anaitaka. Chini yake andikeni vyuo vikuu 6: 2 vigumu kuingia, 2 vya wastani na 2 ambavyo takwimu zinaonyesha nafasi ni nzuri. Mbele ya kila chuo jazeni mambo matano: walioomba kuhamia kozi hiyo kwa miaka 3, waliokubaliwa, GPA ya nusu ya katikati, masomo ya lazima, na gharama ya mwaka mzima kwa shilingi. Chuo ambacho gharama yake haiwezekani, kifuteni hata kama asilimia yake inapendeza. Mkibaki na vyuo vigumu pekee, bado hamna mpango.

Asiye na intaneti nyumbani aombe mwalimu, jirani au kijana wa chuo amsaidie. Kazi hii ni ya siku moja au mbili. Mtandao wa EducationUSA wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani una washauri Nairobi, na maelezo yao ya msingi hayalipiwi. Wasikilizeni hao kabla ya kumlipa mtu yeyote. Na malipo yakifanywa, yafanywe kwa chuo chenyewe na risiti itunzwe.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake atasomea hapa nchini diploma na baadaye kutafuta digrii, maswali ni yale yale. Uliza chuo kikuu, na ujibiwe kwa maandishi, ni masomo yapi ya diploma yatahesabiwa, ataingia mwaka wa ngapi, na mwaka jana walichukua wangapi kwa njia hiyo katika kozi hiyo. Usiridhike na jibu la "huwa tunachukua".

Ndugu zangu, takwimu haitabiri kesho ya mtoto wako. Inakuonyesha waliopita njia hiyo ni wangapi, walibeba nini, na wangapi walirudi. Ukishajua hayo, uamuzi ni wa familia yako, na utauamua macho yakiwa wazi.